Shajara ya Mayo: kumsindikiza Mama mkwe kwa wazee wake

Lowell, kabla ya kuondoka

Ireland ni nchi ndogo yenye vitongoji zaidi ya 60,000. Kuna kitongoji cha ekari chache na kuna kingine ambacho ni mlima mzima, na kila kimoja kina jina lake na mipaka yake. Anayejua kitongoji cha wazee wake anaweza kukifikia kwa miguu. Anayejua kaunti peke yake, na ukoo wake una jina ambalo katika kaunti hiyo liko kila kona, amejitwisha kazi ya miaka.

Mama mkwe wangu alikuwa na kaunti: Mayo, magharibi kabisa. Ana miaka 78, nesi mstaafu, mzaliwa wa Lowell, Massachusetts, mji uleule ambao sisi Wakenya tumejazana siku hizi. Waairishi walitutangulia hapa. Wao ndio waliochimba mifereji iliyoendesha viwanda vya nguo tangu miaka ya 1820. Nora, nyanya yake mzaa mama, alikuja baadaye sana, mwaka 1893, akaingia kiwandani moja kwa moja. Jina la ukoo sitalitaja, wala la kitongoji, kwa sababu wenyewe wapo na hawakuomba kuandikwa.

Majira yote ya baridi tulikuwa mezani kwake na masanduku ya karatasi. Cheti cha ndoa cha Lowell cha mwaka 1901 kilitupa majina ya wazazi wa Nora, pamoja na ukoo aliozaliwa mama yake. Hicho ndicho kitu cha kutafuta mapema: jina moja la ukoo wanalo maelfu, lakini jozi ya majina mawili, la mume na la mke, ni adimu. Ireland ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya watu wote tarehe 1 Januari 1864, na picha za kurasa za vizazi vilivyotimiza miaka 100 zinasomwa bure mtandaoni. Kwa jozi ile tulimpata. Ameandikwa Honor, maana Nora ni kifupi cha Honor au Honoria, na amezaliwa 1874. Nyumbani siku zote walijua ni 1878. "Kumbe alijipunguzia miaka minne baharini," Mama akasema, kisha akaweka kidole kwenye safu ya makazi ya wazazi. Kitongoji kilikuwa hapo, kwa mwandiko wa karani.

Watu wengi huanza na kipimo cha DNA. Mama naye alitema mate kwenye kichupa kama wengine, akaletewa asilimia na binamu mia kadhaa asiowajua. Mimi sikioni kibaya, ila kipimo hicho hakimwambii mtu kitongoji. Tiketi tulizikata baada ya kuona mwandiko wa karani, si kabla. Mume wangu akabaki na watoto.

Jumatatu, Dublin

Tulitua alfajiri, mvua ya rasharasha, Mei lakini baridi ya Limuru mwezi wa Julai. Mama alikataa kulala. Tulipanda tramu hadi Four Courts, jengo la mahakama lenye kuba kubwa kando ya mto Liffey.

Nilitaka alione kwa sababu maswali yake yote ya majira ya baridi ("kwa nini hakuna sensa ya 1861? kwa nini wosia hakuna?") majibu yake yanapita hapa. Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ilikuwa katika eneo hili. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza walikuwa wameliteka jengo. Jeshi la serikali mpya likalishambulia kwa mizinga tarehe 28, na tarehe 30 ghala la nyaraka likalipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 zikateketea, isipokuwa vipande. Zikaenda wosia za karne kadhaa, na zaidi ya nusu ya madaftari ya makanisa ya Kianglikana.

Moto huo, hata hivyo, hubebeshwa lawama zisizo zake. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe baada ya takwimu kuchukuliwa, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipokuwa haba. Hakuna adui aliyezichoma. Sensa za kwanza zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911. Tangu 2022, miaka 100 baada ya mlipuko, upo mradi wa wanahistoria uliokusanya nakala za nyaraka zilizopotea kutoka maktaba za nchi mbalimbali na kuziweka mtandaoni bure.

Mama alisikiliza yote hayo chini ya mwavuli. "Basi twende tukale," akasema.

Jioni tulipita Custom House Quay, penye sanamu za shaba za watu waliokonda wakielekea melini, kazi ya Rowan Gillespie ya mwaka 1997. Watalii walikuwa wakipiga picha huku wamezikumbatia mabega. Tuliendelea na safari yetu.

Jumanne, Maktaba ya Taifa

Maktaba ya Taifa iko Kildare Street. Ina filamu za madaftari ya parokia za Kikatoliki za nchi nzima, mengi yakiishia 1880, na tangu 2015 picha zake zinaonekana bure popote duniani. Mtu atauliza basi kwa nini tulikwenda. Tulikwenda kwa sababu ya watu: pale wapo wataalamu wa nasaba wanaokaa na mgeni na kumwambia dakika kumi za kwanza jambo ambalo angelihangaikia miezi.

Madaftari haya ni mtihani. Mwandiko wa padri aliyerudi usiku kutoka kubatiza mlimani, wino uliofifia, na majina mara nyingi kwa Kilatini: James ni Jacobus, John ni Joannes, William ni Gulielmus, Bridget ni Brigida. Mama alisoma Kilatini shuleni kwa masista miaka ya nyuma, na mimi nilisomeshwa na masista wa Loreto, shirika lililotuma masista wake Kenya kutoka Ireland mwaka 1921. Kwa hiyo tuligawana: yeye majina, mimi tarehe. Kila ubatizo una jina la mtoto, la baba, la mama na ukoo aliozaliwa, na wasimamizi wawili. Wasimamizi wasirukwe. Katika nchi ambayo watu kumi wanaitwa jina moja, msimamizi mara nyingi ni shangazi au mjomba, naye ndiye anayekuonyesha familia ipi ni ipi.

Tulipata watoto saba wa wazazi wa Nora. Wa kwanza, mvulana, alibatizwa 1862 akaitwa Martin. Ndoa yenyewe hatukuiona. Ilikuwa ya kabla ya 1864, kwa hiyo serikali haikuisajili, na daftari la ndoa la parokia lina pengo hasa miaka hiyo. Cheti cha serikali cha ndoa huandika majina ya baba wa bwana harusi na wa bibi harusi. Bila hicho tulikuwa tumefika ukutani.

Hapo mtaalamu akauliza: "Wa kwanza anaitwa nani? Na wa pili?"

Nilicheka kabla hajamaliza. Kwetu Wagikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Waairishi wa zamani walikuwa na desturi ileile kwa wavulana. Kwa wasichana wao huanza na nyanya mzaa mama, sisi tunaanza na mzaa baba, hapo tunaachana. Mimi mwenyewe ni msichana wa pili, na yeyote wa kwetu akisikia jina langu anajua mama yangu ametoka kwa nani. Basi kama desturi ilifuatwa, babu yake Nora, mzaa baba, aliitwa Martin. Mtaalamu alituonya kwamba desturi si sheria: mtoto wa kwanza angeweza kufa kabla ya daftari kuanza, au kukawa na mjomba tajiri aliyehitaji kufurahishwa. Aliandika jina kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza.

Jumatano, Bishop Street

Siku ya kazi kweli. Kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Bishop Street, tulianza na sensa, ingawa tulishaiona nyumbani, kwa sababu Mama alitaka kuuliza juu ya umri. Mwaka 1901 baba yake Nora ametajwa ana miaka 55. Mwaka 1911 ana miaka 72. Miaka kumi imepita, yeye amezeeka kumi na saba.

Msaidizi wa zamu alitabasamu tu. Wazee wa Ireland nzima waliruka hivyohivyo. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908 na malipo yakaanza Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70. Mtu aliyezaliwa kabla ya usajili wa 1864 angethibitishaje umri wake? Kwa kutafutwa kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo bado zilikuwa salama pale Four Courts. Mwombaji alijaziwa fomu: jina lake, majina ya baba na mama, kaunti, baroni (sehemu ya kaunti), parokia, kitongoji alichoishi utotoni. Karani alishuka ghalani, akifungua kitabu na kumkuta, aliandika alichokiona. Miaka 13 baadaye vitabu vikaungua. Fomu zilibaki, kwa maelfu.

Kwa jina la ukoo hatukupata kitu. "Msitafute kwa jina," msaidizi akasema. "Tafuteni kwa kitongoji."

Zikaja fomu sita za kitongoji hicho, na ya nne ilikuwa yake, jina la ukoo likiwa limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Baba: Martin. Mama: jina na ukoo ambao Mama mkwe hakuwahi kuusikia maishani mwake. Chini, mwandiko mwingine, wa karani wa ghalani: 1851, amepatikana, mtoto wa miaka 12, pamoja na wazazi na ndugu wanne.

Mama aliomba asomewe mara ya pili. Kisha akatoa daftari lake na kuandika majina ya wale ndugu wanne, mmoja baada ya mwingine, kwa herufi kubwa za kinesi. Hao ni watu waliokuwa hai mwaka 1851 Mayo, yaani waliopita katika Njaa Kuu, ile iliyoletwa na ugonjwa wa viazi tangu 1845, wakiwa watoto, na ukurasa pekee uliowahi kuwataja pamoja umeteketea tangu 1922.

Mchana tulifuata ardhi. Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith alisimamia uthamini wa nchi nzima: kila mwenye kushika kipande, anakishika kutoka kwa nani, ukubwa, thamani, na namba inayoonekana kwenye ramani. Martin yumo, na wenzake watatu, wameshika pamoja shamba moja. Mtindo huo waliuita rundale, ardhi ya pamoja iliyokatwa vipande na kuzungushwa ili kila mmoja apate penye rutuba na penye mawe. Nyumba yake ilithaminiwa shilingi 5. Kila kitu pamoja, pungufu ya pauni 4.

Usiipite haraka hiyo pauni 4. Kwa shamba lililothaminiwa chini ya kiasi hicho, kodi ya kuwalisha maskini ilimwangukia kabaila mwenye ardhi, si mpangaji. Njaa ilipokuja, kodi ikapanda, na kila familia ndogo ikawa hasara kwa kabaila. Njia fupi ya kujiondolea hasara ilikuwa kubomoa nyumba. Juu yake kukawa na kifungu cha sheria cha 1847: anayeshika zaidi ya robo ekari hapati msaada wa chakula mpaka aiachie. Mayo ilikuwa na watu zaidi ya 388,000 mwaka 1841. Mwaka 1851 walikuwa kama 274,000.

Baada ya Griffith yapo madaftari ya marekebisho, na hayo nayapenda kuliko yote. Kila mabadiliko yana wino wa rangi yake: jina linakatwa, jipya linaandikwa juu, mwaka unawekwa pembeni. Jina la Martin limekatwa miaka ya 1870, amewekwa mwanawe. La mwanawe limekatwa baada ya 1911. Kabla ya hapo umepigwa muhuri wa herufi L.A.P., maana yake shamba limenunuliwa kwa sheria za ardhi na mpangaji sasa ni mwenye mali. Nora alikuwa Lowell, kwenye mashine. Mama anashuku baadhi ya pesa zilitoka kwake, maana Nora alisifika kwa ubahili na hakuacha akiba yoyote.

Alhamisi, treni ya magharibi

Kutoka kituo cha Heuston hadi Castlebar ni saa tatu na kidogo. Baada ya kuvuka mto Shannon pale Athlone mashamba yanapungua upana, kuta za mawe zinaongezeka. Mama alilala hadi Claremorris.

Nilikodi gari Castlebar. Ireland wanaendesha upande wa kushoto, na mimi nimejifunza udereva Nakuru, gari la gia za mkono; Mama, ambaye miaka yote Marekani hunishika mkono nikikata kona, hapa alishika mkanda wake na kunyamaza.

Ijumaa, Ballinrobe

Kaunti ya Mayo ina vituo viwili vya utafiti wa nasaba, cha kaskazini kiko Enniscoe, karibu na Crossmolina, na cha kusini Ballinrobe. Vituo vya aina hii vilifanya kazi kubwa miaka mingi ya kunakili madaftari ya makanisa na kuyatengenezea faharasa, na faharasa hiyo ndiyo unayolipia. Watu hulalamikia malipo. Mimi naona ni haki, kwa sababu mtu wa pale anajua kwamba familia za mlima huu ziliteremka kuozeshana na parokia ile badala ya hii, jambo ambalo kompyuta haijui.

Tuliacha ombi juu ya ile ndoa iliyopotea: watafute parokia ya upande wa mama, kwa kuwa harusi mara nyingi ilifungwa kwa bibi harusi. Tulipata pia vifo viwili vya watoto. Kwenye sensa ya 1911 wanawake walioolewa waliulizwa ndoa ina miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi bado wapo. Mama yake Nora alijibu: miaka 50, watoto tisa, sita hai. Watatu wamekufa. Wawili tumewaona kwenye vyeti vya vifo. Wa tatu hayupo kwenye ubatizo, hayupo kwenye vifo.

Jumamosi, mvua

Mvua kutwa, ya kulala chini. Tulikwenda Turlough, jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini, tukaangalia majembe. Jembe la Mayo lina ubao mwembamba mrefu na mahali pa kukanyaga. Mama alinunua kikapu.

Jumapili, kitongojini

Misa ilikuwa ya saa tano, kanisa nusu tupu, wazee watupu. Baada ya baraka padri mzee aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma alinijia moja kwa moja mlangoni.

"Umetoka Kenya au Tanzania?" Kwa Kiswahili, na lafudhi ya kaskazini kabisa.

"Kenya, Padri. Nakuru."

"Nakuru napajua. Nilikuwa Turkana." Akanisalimu na Kiturkana, ambacho mimi sina, akacheka sana. Mapadri wa Kiltegan, shirika la wamisionari wa Ireland, ndio hao Turkana, Kitui, Nakuru, walitoka katika mashamba kama haya. Alistaafu akarudi kwao. Watu walisimama kutuangalia: Mwafrika na padri wao wakibishana juu ya bei ya mbuzi Lodwar, na bibi wa Kimarekani mwenye mkongojo akisubiri atafsiriwe.

Nilimweleza tulichokuja nacho. Hakuuliza karatasi. Alituingiza kwenye gari lake, akatupeleka kwa mzee mmoja, mkulima wa zaidi ya miaka 80, ambaye ardhi yake inapakana na kitongoji chetu. Tulipewa chai yenye maziwa, nzito, ya kwetu kabisa, na mkate wa magadi wenye siagi. Kwenye moto palikuwa na vipande vya udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa na kukaushwa. Moshi wake una harufu tamu.

"Ninyi ni wa akina nani?" mzee akauliza.

Mama akataja ukoo. Mzee akasubiri, kama mtu aliyepewa nusu ya jibu. Ukoo huo una familia saba pale, akasema. Kuna wale wenye nywele nyekundu, kuna wa darajani, kuna wa mshonaji.

Nikamwambia: baba yake Nora alikuwa mtoto wa Martin.

"Aa," akasema, akamgeukia Mama. "Ninyi ni akina Martin."

Hivyo ndivyo wanavyoitwa hadi leo, akina Martin, ingawa hakuna Martin aliyezikwa pale tangu kabla mzee hajazaliwa, na ingawa hakuna karatasi hata moja tuliyoona Dublin yenye jina hilo la nyumba. Wa mwisho wao kitongojini, mjukuu wa ndugu yake Nora, alikufa bila mtoto miaka ya themanini. Mzee mwenyewe alinunua malisho. Ndugu wengine wapo, mji wa jirani, na alimpigia simu mmoja wao pale pale mbele yetu, akapaza sauti kana kwamba simu ni bomba: "Nimekaa na binamu yako kutoka Marekani!"

Nyumba iko juu ya kilima, kuta za kufika kifuani, paa hakuna. Majani ya kuwasha yamejaa ndani. Jiwe la mekoni bado liko mahali pake, jeusi. Kwa sensa ya 1901 ilikuwa na vyumba viwili na paa la nyasi, na watu wanane ndani. Mama alizunguka na mkongojo wake, akauliza choo kilikuwa wapi (hakikuwepo), akauliza walichota maji wapi (chemchemi, mzee akaonyesha), akahesabu hatua kutoka mlangoni hadi chemchemi. "Na ndoo mbili," akasema. "Ndiyo maana alisema kiwandani ni kazi nyepesi."

Mwezi Mei kule jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Mwanga ulipolala, kilima chote cha mbele kikatokeza matuta, mistari sambamba kupanda hadi karibu na kilele, mahali ambapo sasa hata kondoo hawasimami vizuri. Ni matuta ya viazi ya kabla ya njaa. Ugonjwa wa viazi ulipoingia 1845 watu wa huku walikuwa wakila karibu viazi vitupu, na walilima hadi kwenye mawe kwa kuwa chini palikuwa pa kabaila na ng'ombe wake. Hakuna aliyelima huko juu tena.

Tukishuka, mzee alisimama penye duara la mawe madogo chini ya mti wa miiba, katikati ya malisho. Halimwi, wala halijawahi kulimwa. Ni cillín, akasema, pa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao kanisa halikuwaruhusu makaburini. Baba aliwaleta usiku. Mayo ina mengi ya hayo. Mama aliuliza kama kuna orodha ya majina. Hakuna. Kwenye daftari lake alikuwa ameacha mstari mtupu kwa yule mtoto wa tatu. Aliandika jina la malisho.

Jumatatu, Doolough

Binamu alikuja hotelini asubuhi na albamu. Ana pua ya Mama. Walikaa saa mbili wakigombea nani ni nani, na ndani ya albamu mlikuwa na picha ya Nora aliyopiga Lowell akiwa na kofia ya manyoya, ile ile iliyo ukutani kwa Mama. Aliituma nyumbani kuonyesha amefanikiwa. Binamu alikubali kutema mate kwenye kichupa.

Alasiri niliomba tupite Doolough, kwa ajili yangu. Mwisho wa Machi 1849, wenye njaa wa Louisburgh waliokuwa wakingoja kukaguliwa ili wasikatiwe msaada waliambiwa wawafuate wakaguzi hadi Delphi Lodge, nyumba ya uwindaji ng'ambo ya milima. Walitembea usiku, kwenye baridi. Wengi walifia njiani, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Barabara inapita kati ya ziwa jeusi na mlima, hakuna nyumba. Kando yake limesimama jiwe la ukumbusho, nalo limewaunganisha wenye njaa wa 1849 na wenye njaa wa ulimwengu wa leo. Askofu Mkuu Desmond Tutu alitembea hapa mwaka 1991. Kabla yake sana, 1847, Wachoctaw wa Oklahoma, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ambao wenyewe walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao miaka kama 15 nyuma, walichanga kama dola 170 kusaidia Ireland. Nilisoma haya nikiwa nimeegemea gari, mzaliwa wa Bonde la Ufa, ambako nani alifukuzwa kutoka wapi ni mazungumzo ya kila uchaguzi. Mama hakushuka. Alisema miguu imechoka, na pengine ilikuwa imechoka.

Jumanne, uwanja wa ndege

Ujumbe kutoka Ballinrobe: ndoa imepatikana, Februari 1861, parokia ya upande wa mama, kama tulivyodhani. Shahidi mmoja ni mmoja wa wale ndugu wanne wa kwenye ile fomu ya pensheni, au mwenye jina kama lake.

Kwenye foleni ya ukaguzi Mama alikuwa ameshahama. Sasa ni babu yake mzaa baba, ambaye karatasi zote zinasema "Ireland" na basi. Aliapishwa kuwa raia wa Marekani 1911. Kabla ya Septemba 1906 faili za uraia mara nyingi hazitaji zaidi ya nchi. Baada ya hapo sheria ilidai mahali pa kuzaliwa na tarehe. Faili za Massachusetts zilizopita mahakama za serikali kuu ziko Waltham, kama nusu saa hivi kwa gari kutoka kwetu. Ameshaandika barua ya kuomba miadi, kwa simu yangu, na dereva amemtaja ni mimi.